Kipepeo kwa Jani la Nani?

Jumamosi moja asubuhi mama mwenye nyumba wetu aliniita uani. Hakuniita kwa jina. Aliniita "wewe mshairi", na mtu akikuita kwa kazi yako asubuhi yote ile, kabla hujapiga mswaki, jua kuna kesi. Nikatoka na taulo begani. Nikamkuta amesimama mbele ya viriba vyake vya miche ya ndimu, mikono kiunoni. Miche kumi na miwili haikuwa na jani hata moja. Vijiti vitupu, miiba imetoka nje kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Juu ya kijiti kimoja alikuwapo kiwavi wa kijani, mnene kama kidole changu cha mwisho, ametulia tuli kama mtu aliyetoka kwenye pilau ya harusi.

"Uliniambia umewatoa," akasema.

Nikanyamaza.

"Uliniambia juzi, mwanangu. Kwa mdomo wako huo huo."

Kweli nilimwambia. Na nilimdanganya. Nilimdanganya kwa sababu nilitaka vipepeo.

Ndugu msomaji, najua utakavyosema. Utasema habari za vipepeo ni za watu walioshiba. Sisi vijana wa mjini tuna kodi ya chumba, tuna nauli ya daladala, tuna kazi zisizopatikana. Nani ana muda wa kukaa uani anasubiri mdudu atue kwenye ua? Hata mimi nilisema hivyo zamani. Lakini tangu asubuhi ile kuna swali limenikaa moyoni na halitaki kutoka, nami nimeona nilitoe hapa mbele yenu, kwa kuwa wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tunajiita wapenzi wa uzuri. Swali lenyewe ni hili: mtu anapokipenda kitu kizuri, ni nani anayelipa gharama ya mapenzi hayo? Au kwa lugha ya uani kwetu: huyu kipepeo wako, anakula jani la nani?

Nianze mwanzo.

Nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita hapa Dar es Salaam. Uani kuna bomba moja, kamba za kuanikia nguo, jiko la mkaa la kila mpangaji, na kwenye pembe kuna mndimu mkubwa wa mama mwenye nyumba ambao una umri kunishinda. Mimi nilipewa kipande cha ukuta, urefu wa hatua tano hivi, panapopiga jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Nikakusanya makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, nikatoboa matundu chini, nikajaza udongo na samadi, nikapanda maua. Washkaji wa kijiweni walinicheka mpaka wakachoka. "Oya, bwana shamba wa makopo!" Sikujali. Nilikuwa naandika mashairi wakati ule, na katika kila shairi la tatu alikuwamo kipepeo, nami nikaona aibu kuandika habari za kiumbe ambaye kwa mwezi mzima sijamwona mara mbili. Nilitaka aje karibu nimtazame.

Maua yakachanua, hasa zinia, nyekundu na za rangi ya chungwa. Na kweli vipepeo wakaja. Walikuja wale weupe na wa njano waendao mbio kama wanawahi basi. Akaja yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe. Akaja na yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya krimu, ambaye anapokunywa hatulii, mabawa yanatetemeka muda wote. Walitua, wakakunjua mirija yao, wakanywa mbochi, yaani yale maji matamu ya ua, halafu wakaondoka. Ni kama wateja wa kahawa ya jioni. Wanakunywa, wanakwenda zao. Hakuna aliyebaki.

Nikamlalamikia rafiki yangu mmoja anayefundisha bayolojia sekondari. Akaja siku moja kunitembelea, akatazama makopo yangu, akacheka.

"Wewe umefungua mgahawa," akaniambia. "Hujafungua nyumba. Mtu anakula mgahawani, lakini hazai mgahawani."

Basi akanieleza, nami nitakueleza kama nilivyoelewa. Kipepeo mkubwa hunywa popote. Mbochi ni mbochi. Tena wapo wasiokuwa na habari na maua yako hata kidogo: wale vipepeo wakubwa wenye nguvu wa jamii ya Charaxes hupenda embe lililooza, utomvu wa mti uliojeruhiwa, hata kinyesi. Washairi wenzangu, hilo tumeze tu. Madume ya vipepeo wengi nayo hukusanyika kwenye mchanga wenye unyevu, pale maji ya bomba yanapomwagika, kufyonza chumvichumvi. Kumpa kipepeo kinywaji si kazi.

Kazi ni kumpa mtoto wake chakula. Hapo jike ana mambo. Anazunguka mti, anatua kwenye jani, analigongagonga kwa miguu ya mbele. Miguu ile ndiyo ulimi wake. Kwa kuligusa jani anaonja kama ndilo lenyewe. Likiwa silo, anaondoka. Likiwa ndilo, anaacha yai. Na kila aina ina majani yake. Yule mweusi mwenye madoa ya krimu, ambaye wataalamu wanamwita Papilio demodocus, anataka jamii ya ndimu, limau na chungwa. Yule wa rangi ya chungwa, Danaus chrysippus, anataka ile mimea ya porini inayotoa utomvu mweupe kama maziwa. Kiwavi wake hula sumu ya mmea ule na kuihifadhi mwilini, na ndege akimwonja siku moja harudii. Wale weupe na wa njano waendao mbio, wengi wao hutaga kwenye miti ya jamii ya mjohoro. Unaweza kupanda maua elfu moja uani. Kama hakuna jani hata moja la kumlea mtoto, utabaki kuwa mwenye mgahawa.

Nilipoyasikia hayo nilifurahi, maana mndimu tulikuwa nao. Halafu nikakumbuka jambo, furaha ikanywea.

Wiki ileile niliyoandika shairi langu la mwisho la kipepeo, nilikuwa nimeua viwavi saba. Niliwakuta kwenye mndimu, nikawaangusha, nikawasaga kwa ndala. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wabaya. Wale wadogo ni weusi wenye doa jeupe mgongoni, ukiwatazama haraka utadhani ni mavi ya ndege, na hiyo ndiyo silaha yao, maana ndege hawezi kula mavi yake. Wale wakubwa ni wa kijani, na ukiwagusa wanatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mmoja alinitolea pembe hizo, nikaruka nyuma, nikamkanyaga kwa hasira. Usiku ule nikaketi mezani, nikawasha taa, nikaandika "ewe kipepeo, mpole wa dunia". Nilikuwa nimewaua vipepeo saba mchana, na usiku namwimbia wa nane.

Wazee walisema ukipenda boga penda na ua lake. Sisi wa siku hizi tumeigeuza methali hiyo. Tunapenda ua, boga hatulitaki, na mzizi hatuna habari nao. Tunapenda mtoto wa jirani anapoimba vizuri msikitini au kanisani, lakini akilia usiku tunagonga ukuta. Tunapenda mwenzetu anapochapisha hadithi, ila miaka mitatu aliyokuwa anakopa chumvi tulimwita mvivu. Sisemi haya kwa kutaka kumfanya kiwavi mfano wa mambo mengine. Mifano ya kipepeo imekwisha kuwa mingi, kila daftari la mshairi chipukizi linayo. Nataka tumtazame kiwavi mwenyewe, anayekula jani lenyewe.

Basi nikatubu. Lakini toba yangu, ndugu msomaji, ilikuwa ya kijana: ilivuka mpaka.

Mama mwenye nyumba anaotesha miche ya ndimu kwenye viriba, anaiuza kwa wauza miche wa barabarani na kwa majirani wanaojenga. Mche mmoja shilingi elfu mbili. Ni biashara yake ndogo, na mwezi ule alikuwa ameniambia wazi kwamba miche ile kumi na miwili ina mwenyewe, mtu amekwisha kuiwekea oda, na hela yake ni ya sare ya shule ya mjukuu wake. Akaona viwavi wameanza. Kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, akaniomba mimi niwatoe. "Wewe una macho ya ujana, mwanangu." Nikaitikia ndiyo mama. Nikaenda kwenye viriba, nikawatazama wale viwavi, nikawahesabu, kumi na tisa, nikawaacha. Jioni akaniuliza, nikamwambia nimeshawatoa.

Sasa sikiliza nilivyojidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya yeye. Nilijiambia: hawa ni viumbe wa Mungu, nao wana haki ya kuishi. Nilijiambia: mimi niliua saba, sasa naokoa kumi na tisa, nimelipa deni na ziada. Nilijiambia: miche itachipua tena. Maneno yote matatu yana ukweli ndani yake. Hata mche ulioliwa, mara nyingine unachipua kweli. Lakini kiwavi anapofikia ukubwa wa mwisho anakula kuliko siku zote zilizotangulia, na mche wa kiriba una majani mangapi? Wiki haikwisha. Mwenye oda akaja, akatazama vijiti, akaenda kununua kwingine.

Nilijiona mwenye huruma, kumbe nilikuwa mwizi mwenye huruma. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo tumeikariri tangu darasa la tatu. Lakini methali inasema kutoa. Haikusema kutoa cha mwenzio. Nilikuwa nimewakaribisha wageni kumi na tisa nikawalisha chakula cha mjukuu wa mtu, halafu nikakaa pembeni nasubiri kuandika shairi.

Nilipowasimulia washkaji kijiweni, mmoja alinitetea. Ni kijana msomi, anafuatilia habari za mazingira. "Wewe nawe," akasema, "miche kumi na miwili kitu gani? Duniani kote misitu inakwisha, wadudu wanakwisha, wewe unalilia elfu ishirini na nne?" Hoja hiyo siidharau. Ina uzito. Ila nina neno moja tu la kumjibu: ukubwa wa jambo jema hauniruhusu mimi kuchagua ni nani alilipie. Kama dunia inahitaji vipepeo, na ninaamini inahitaji, basi dunia ilipe, nami nikiwa mmojawapo wa dunia. Kumtwika mama mwenye macho mabovu mzigo wa dunia nzima bila hata kumwambia, huko si kulinda mazingira.

Na swali hili si la uani kwetu tu. Liliulizwa kwa ukubwa zaidi pwani ya Kenya. Pale karibu na Gede, Kilifi, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita za mraba 400, wenye ndege na vipepeo ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwatazama. Wanaopakana na msitu waliona upande mwingine wa sarafu: tembo na nyani walitoka msituni wakaingia mashambani kula mahindi. Si ajabu kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitamani sehemu ya msitu ikatwe wapewe ardhi ya kulima. Uzuri ule ulikuwa wa kila mtu. Hasara ilikuwa ya kwao.

Mwaka 1993 ukaanza pale mradi ulioitwa Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakulima wakafundishwa kufuga vipepeo nyumbani. Wanaoteshea viwavi miti ya chakula chao, wanawalisha, na kiwavi akishajifunga akawa pupa, yaani lile ganda analogeukia ndani yake, anauzwa. Pupa wanafungwa kwa uangalifu, wanapandishwa ndege, wanakwenda kutoboa ganda huko Ulaya na Marekani katika nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka. Tazama jambo hilo lilivyokaa. Anayetazama analipa, na aliyelisha jani analipwa. Msitu nao ukawa na faida kwa jirani yake, kwa maana ndimo mbegu ya vipepeo inamotoka.

Kwetu Tanzania wakulima wa vijiji vya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, waliingia katika kazi hiyohiyo miaka ya mwanzo ya 2000. Halafu mwaka 2016 Serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na vipepeo wakahesabiwa humo humo. Soko likafungwa. Sitaki hapa kuihukumu amri ile; ilikusudia kulinda wanyama, na kulinda wanyama ni jambo jema. Ninachouliza ni kilekile: jema lile lilipokuja, lilipiwa na nani? Jani la mkulima wa Amani lilikuwa limekwisha kuliwa. Nilipoisoma habari ile nilikumbuka viriba.

Sasa kuna watakaonishika upande wa pili. Watasema: basi ua wote, mdudu ni mdudu, puliza dawa tulale. Hapana. Huko nako ni kukimbia swali. Mndimu mkubwa wa pembeni umelisha viwavi kila mwaka na bado unazaa ndimu mpaka zinaanguka chini. Si kila jani linaloliwa ni hasara. Tena dawa haichagui. Katika wale viwavi wangu mmoja aligeuka pupa ukutani, nikamlinda kama yai, nikasubiri wiki mbili, na siku ya siku badala ya kipepeo wakatoka nyigu wadogo mno kwa kitundu kama cha sindano. Mama yao alikuwa ametaga ndani. Siku ile niliona nimeibiwa. Baadaye rafiki yangu mwalimu akanionyesha kwamba nyigu wale ndio askari wa mama mwenye nyumba. Wao, na ndege, na siafu, na buibui, ndio wanaofanya katika mayai mengi ya kipepeo wafike wachache tu. Ukipuliza dawa kali unaua mwizi na polisi pamoja, halafu mwizi ndiye anayerudi kwanza.

Kwa hiyo jibu langu si kuwaacha wote wala kuwaua wote. Jibu langu lina sehemu mbili, na zote mbili nilizipata kwa mama mwenye nyumba, ambaye hajasoma falsafa.

Ya kwanza: mwenye kingi na mwenye kidogo hawatozwi sawa. Mti mkubwa unaweza kutoa majani mia usisikie. Mche wa kiriba ukitoa majani kumi umekufa. Ukimkuta kiwavi kwenye mti mkubwa muache. Ukimkuta kwenye mche, mhamishe. Katika mambo ya watu tunalisahau hilo kila siku, tunachangisha sawa mwenye ghorofa na mwenye genge, halafu tunasema tumetenda haki.

Ya pili ndiyo iliyoniuma. Asubuhi ile ya kesi, baada ya kunyamaza sana, nilijaribu kujitetea. Nikamwambia, mama, nilikuwa nawaonea huruma, ni watoto wa vipepeo. Akanitazama.

"Ni watoto wako?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Kama unawataka wawe wako, walishe chako."

Nikaenda ndani, nikahesabu hela. Nilimlipa shilingi elfu ishirini na nne kwa mafungu matatu. Halafu nikamwomba aniuzie miche miwili mizima. Nilidhani atanipunguzia. Akasema, "Bei ya mteja, mwanangu, si bei ya mpangaji." Alikuwa na haki. Nikaipanda ndani ya ndoo mbili kubwa, karibu na zinia.

Huo ni mwaka wa tatu sasa. Mindimu yangu miwili haijazaa hata ndimu moja, na sitegemei izae. Kila inapochipua, inaliwa. Ndimu za samaki wangu nanunua kwake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani nakagua viriba, nikimwona kiwavi nakata jani aliloshika, nambeba nalo mpaka kwenye ndoo zangu, simgusi kwa mkono. Siku hizi hata yeye ananiita akihisi jani limetobolewa. "Wewe mshairi, njoo uchukue watoto wako." Katika mwaka huu wote nimewaona watano tu wakitoka ganda mpaka kuruka. Kama kuna biashara ya hasara, ndiyo hii.

Wa tatu kati yao alitoka asubuhi yeye akiwa anafua. Nikamwita. Akaja anafuta povu mikononi, akainama karibu kabisa kwa sababu ya macho yake. Kipepeo alikuwa ananing'inia kwenye ganda tupu, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, yakaanza kunyooka polepole, madoa ya krimu yakatokea moja baada ya jingine, na yale mawili ya chini yenye wekundu na buluu. Akakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Kumbe ndiye yule?" akasema.

"Ndiye, mama."

"Yule aliyekula sare ya mjukuu wangu."

"Ndugu yake, mama."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye beseni lake. Sikuandika shairi siku ile.

Vijana wenzangu, wale mnaotaka vipepeo uani, nawaachia mambo machache. Tafuteni pahala penye jua. Pandeni maua ya kunywa, zinia inatosha kuanzia. Ile lantana inayopandwa sana wigoni vipepeo wanaipenda kweli, lakini si ya kwetu, imetoka Amerika, ikitoroka inavamia malisho na inadhuru ng'ombe. Msimwite kipepeo wenu kwa nyasi za mfugaji. Wekeni kisahani cha mchanga wenye unyevu. Msipulize dawa. Na juu ya yote pandeni jani la mtoto, jani lenu wenyewe, mkijua tangu siku ya kwanza kwamba mmelipanda liliwe.

Nami nabaki na jambo moja ambalo sijalimaliza. Mwaka jana, baada ya mvua za masika, viwavi walijaa kuliko majani. Ndoo zangu mbili zilikuwa vijiti, mndimu mkubwa ulikuwa umekatwa matawi, na kwenye viriba walibaki kumi na mmoja. Mama akaja na ndoo yake ya maji ya mwarobaini. Akanitazama, akasubiri niseme. Sikuwa na jani la kuwapa. Nikasogea pembeni akapita.

Mpaka leo najiuliza kama nilifanya sawa. Wewe ungefanyaje?